Mgeni Aliyetajwa na Miwani

Sitakuapia. Watu walioapa mbele yangu wakishika Biblia ndio hao hao walionitoa nyumbani kwa mume wangu, nguo zangu zikiwa ndani ya gunia la mbolea, kwa hivyo viapo siku hizi havinigusi. Nitakueleza tu vile ilivyokuwa. Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuionja. Wala haikuwa usiku. Watu hupenda visa vya namna hii viwe vya usiku wa giza na bundi. Changu kilinipata alasiri, nikikusanya maharagwe, kuku wakinizunguka miguuni.

Mimi ni mtu wa Kitale. Wazazi wangu walitoka upande wa Nyeri wakanunua shamba Trans-Nzoia kabla sijazaliwa, tukakua tukiwa watu wa mahindi na maziwa. Nilipomaliza shule nilipata kazi kwenye kiwanja cha ndege, kwa kampuni moja ndogo iliyokuwa ikipeleka mizigo Turkana. Kazi yangu ilikuwa kupima magunia na masanduku. Wafula alikuwa rubani. Mtu mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye mwanya, na kicheko chake ungekisikia kabla hujamwona mwenyewe. Kwao ni Mabanga, karibu na mji wa Bungoma. Tulioana kanisani, tukaishi vizuri miaka mingi, lakini Mungu hakutupa mtoto. Watu wa kwao hawakulisema hilo mbele yangu. Walikuwa wakiliweka moyoni tu.

Sasa nikueleze habari ya miwani. Kampuni iliwaletea marubani miwani janja, ati iko kwenye majaribio. Ukiiangalia ungedhani ni miwani ya kawaida ya jua, lakini rubani akiivaa, mambo yote yanaandikwa kwenye kioo mbele ya macho yake: yuko juu kiasi gani, anaenda kwa kasi gani, upepo unatoka wapi. Hana haja ya kuinamisha kichwa kutazama mita. Hata mawingu yakifunika kiwanja, miwani inamchorea ile njia ya kutua, mstari wa kijani, anaufuata. Siku moja Wafula alinivalisha miwani hiyo, ndege ikiwa imeegeshwa. Niliona tarakimu zikielea juu ya majani, na ng'ombe wa jirani waliokuwa wakila pembeni mwa kiwanja wamezungushiwa mistari myekundu, ati hatari. Tulicheka mpaka nikashika mbavu.

Wafula aliipenda ile miwani kama mtoto. Akawa haongei mengine. Ati siku moja fundi wa Kitale atakuwa akifungua injini, na injinia aliye Nairobi anaona kupitia macho ya fundi na kumwelekeza. Ati daktari wa zahanati ataivaa imwonyeshe mshipa wa damu. Ati mkulima ataliangalia jani la hindi aambiwe ugonjwa. Kisha akamkumbuka mamake.

Mama mkwe wangu alikuwa amepofuka kwa presha ya macho. Wafula alimnunulia Nairobi miwani ya aina nyingine, ya wasioona. Ina kamera ndogo katikati na spika kwenye sikio. Inaangalia kwa niaba yako, kisha inakuambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwanamke mpole: mlango uko mbele, chungu kiko kushoto, mtu anakuja. Na ukiifundisha sura ya mtu, inamtaja kwa jina. Wafula alitupanga pale uani Mabanga mmoja mmoja kama watu wa kupigwa picha za kitambulisho. Mdogo wake, Barasa, aliyekuwa na duka la misumari na mabati mjini, akaingizwa. Mimi nikaingizwa kama "Mke wa Wafula." Mwenyewe alijiweka mwisho, na hakuweka jina tupu. Aliweka "Wafula wako."

Niamini, yule mama alifufuka. Aliiweka sauti juu, maana masikio nayo yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hivyo sote tulikuwa tukisikia anachoambiwa. Kanisani miwani ilitangaza katikati ya mahubiri, "Mwanamume amefumba macho, mdomo wazi," na benchi zima likageuka kumtazama mzee wa kanisa aliyekuwa akisinzia. Mama alicheka mpaka akatoa leso. Kila tulipofika kutoka Kitale, tulisikia kutoka veranda, "Wafula wako yuko mbele yako," halafu yeye anainua mikono yote miwili hewani kumngoja mwanawe aingie katikati yake. Alinipenda na mimi. Ndugu walipoanza kunong'ona kuhusu tumbo langu, yeye ndiye aliyewaambia, "Huyu ni mtoto wangu. Mwenye shida na yeye aje kwangu."

Haya. Ilikuwa msimu wa mvua. Wafula alikuwa ameanza kunung'unika. "Siku za mawingu ule mstari unahama," aliniambia jikoni, akijimiminia chai. "Unahama kidogo tu. Nimewaambia wakubwa. Wanasema niendelee, ndiyo maana ya majaribio." Nikamwuliza kwa nini asiivue. Akasema ukishaizoea, kuivua ni kama kutolewa jicho moja.

Ndege yake iligonga mlima upande wa Cherangani, akitoka Lodwar, kwenye wingu zito. Alikuwa peke yake.

Tulimzika Mabanga. Mtu wa kampuni alikuja kwa gari safi, akapewa kipaza sauti, akasema marehemu alikuwa rubani hodari lakini siku ile hakufuata maagizo ya kazi. Hakutaja mstari wala miwani. Barasa alisimama katikati ya watu akamwuliza, "Kwa hivyo ndugu yangu alijiangusha, ama?" Mtu wa kampuni akatoa pole tena, akaenda kwa gari lake kabla ya chakula. Hivyo ndivyo mume wangu alivyozikwa, na lawama juu ya jeneza.

Nilibaki Mabanga na Mama. Kazi ya Kitale ningewezaje kuirudia, kuwapimia mizigo watu wale wale? Barasa mwenyewe aliniomba. "Shemeji, kaa na Mama. Hapa ni kwako." Tukawa tunaishi, mimi na mama asiyeona, katika nyumba ile ya mabati iliyozungukwa na miwa. Hakuna aliyemfuta sura Wafula kutoka kwenye miwani. Nani angefanya hivyo?

Siku yenyewe, mawingu yalikuwa yakishuka kutoka upande wa Elgon, na mimi nilikuwa nimeanika maharagwe uani. Niliinama kuyakusanya kabla ya mvua. Mama alikuwa kwenye kiti chake veranda, ameelekea kwenye miwa. Kisha nikasikia ile sauti ya upole.

"Wafula wako yuko mbele yako."

Mikono yangu ilisimama. Nilifikiri mashine imeharibika. Nikageuka.

Kando ya miwa, pale njia inapoingilia uani, alisimama mwanamume. Sikiliza vizuri: hakuwa Wafula. Wafula alikuwa mfupi, huyu alikuwa mrefu kama mlingoti. Wafula alikuwa mweusi, huyu alikuwa maji ya kunde, uso mwembamba, mashavu yameingia ndani. Alivaa koti la kijivu na viatu vya matope. Sijapata kumwona kabla ya siku ile, wala baada yake. Hakuwa na kitu cha kutisha. Angeweza kuwa muuza dawa ya ng'ombe.

Mama alikuwa amekwisha simama. Mikono yote miwili iko hewani.

"Wafula?"

"Ndiyo, Mama," yule mtu akajibu.

Mama akashtuka kidogo. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka yote ya giza lake alikuwa akimjua kila mmoja wetu kwa namna anavyokanyaga. Akainamisha kichwa upande, akasikiliza.

"Sauti yako imefanya nini?"

"Ni baridi, Mama. Kule juu kuna baridi."

Na hapo Mama akaanza kulia, na nikajua amemkubali.

Niliruka mbele yake. "Mama, huyu si Wafula! Ni mtu mwingine kabisa, mrefu, simjui. Wewe, unatafuta nini hapa? Nenda zako!" Yule mtu hakuniangalia hata. Mama akanisukuma pembeni kwa mkono. Hajawahi kunisukuma. "Miwani imesema," alisema. "Miwani haijawahi kunidanganya."

Ungefanya nini wewe? Nilimvua ile miwani usoni, nikaivaa mimi.

Nikawaangalia kuku. "Kuku," ikasema sikioni mwangu. Nikamwangalia Mama. "Mwanamke mzee. Analia." Nikainua uso nikamwangalia yule mtu, koti lake, mashavu yake, matope yake, nikiomba iseme mwanamume, mgeni, chochote.

"Wafula wako yuko mbele yako."

Nakuambia ukweli, kwa dakika ile sikuogopa. Nilitamani. Nilikuwa mjane wa majuma machache tu, na kitu kilichotengenezwa na watu wenye akili kuliko mimi kilikuwa kikiniambia kwamba mume wangu amesimama hapo. Pengine uso si kitu. Pengine kule alikokwenda walimpa uso mwingine. Upepo ukatoka kwake ukanijia, nikasikia harufu ya mafuta ya ndege, ile harufu kama ya parafini ambayo niliifua kwenye mashati yake tangu tuoane.

Nikamwuliza, "Kama wewe ni Wafula, mimi ni nani?"

Ndipo akanitazama. Alinitazama kwa utaratibu, kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali asipopajua, na anasikitika kidogo kwamba hawezi kusaidia.

"Sikujui," akasema.

"Mimi ni mke wako."

"Mimi sina mke."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira! Mama alisikia. Nilimwona akisikia. Akanyoosha mkono akaichukua miwani yake kutoka usoni mwangu, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaivaa, akamkaribisha yule mtu veranda, akampapasa uso. "Umekonda," akamwambia. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga mabati. Mimi nilikuwa nimesimama uani na maharagwe yangu yanalowa.

"Kilikupata nini, baba?" Mama akamwuliza.

"Niliona njia ya kutua, Mama. Ilikuwa wazi kabisa, imenyooka. Nikaifuata."

Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza. Mtu wa kampuni hakuyasema kwenye kipaza sauti, na mimi sikuwahi kumwambia Mama habari ya ule mstari. Aliyatoa wapi?

Kisha akainuka. Akasema kule hawapewi muda mrefu. Alipita karibu nami akirudi kwenye miwa, na mvua ilikuwa sasa inanyesha ya kweli. Barasa alikuwa akiingia na pikipiki yake wakati ule ule, ameshika mfuko wa sukari, wakapishana mdomoni mwa njia. Barasa alimwona. Baadaye alikiri kwangu kwamba alimwona: mtu mrefu wa koti la kijivu, aliyemsalimia kwa jina, naye akamjibu bila kujua ni nani. Alipogeuka kumtazama tena, miwa ilikuwa imefunga.

"Nani huyo alikuwa hapa?" Barasa akauliza.

"Ni ndugu yako," Mama akamjibu. Alikuwa ananusa viganja vyake na kutabasamu. "Wafula amekuja kuniona. Na amesema hana mke."

"Mama, bana. Wafula tulizika."

"Nusa." Akamnyooshea viganja. Barasa akanusa, na nikaona uso wake ukibadilika.

Nikasema, "Barasa, usiamini. Yule alikuwa mgeni tu, hata wewe umemwona." Nikapanda veranda nikapiga magoti mbele ya Mama, nikamshika mapaja. "Mama, ni mimi. Mimi ndiye ninayekupikia. Niangalie."

Akaelekeza uso kwangu. Miwani ikakaa kimya kidogo, kama inavyofanya ikitafuta. Kisha ikasema, ile sauti ya upole, tukasikia sote watatu juu ya kelele za mvua:

"Hakuna mtu mbele yako."

Barasa alirudi nyuma hatua moja. Nikamwambia Mama ajaribu tena. Nikasogea kwenye mwanga. Nikavua kitambaa cha kichwa. Hakuna mtu. Barasa akajipeleka mbele yeye: "Barasa yuko mbele yako." Mimi tena: hakuna mtu. Mama akaondoa mapaja yake mikononi mwangu.

Jumapili baada ya ibada, wazee wa ukoo walikuja. Waliweka viti uani, Mama katikati, tukapitishwa mbele yake kama siku ile Wafula alipotupanga. Wale waliofundishwa kwenye miwani walitajwa majina. Wasiofundishwa waliitwa mwanamume, mwanamke, mtoto. Mbuzi aliyekatiza aliitwa mbuzi. Nilipofika mimi, hakuna mtu. Mmoja akasema labda si mtu kweli. Mwingine akasema wanawake wa kutoka mbali wanakuja na vitu vyao, na kwamba sasa wanaelewa kwa nini sikuzaa, na kwa nini ndege ilianguka. Nilimtazama Mama, yule aliyewahi kuwaambia mwenye shida aje kwake. Alikuwa ametulia. "Mtoto wangu mwenyewe alisema," akawaambia. "Huyu hamjui, na mke hana."

Barasa ndiye aliyenirudisha Kitale kwa pikapu ya duka. Tulivuka Kiminini. Hapo akasema, "Shemeji, mimi sikuchukii, ujue. Najua watasema ni mambo ya kurithi shamba. Si mambo ya shamba. Lakini marehemu amekukana, na mashine imekukana. Mimi ningewajibu wazee nini?" Akanishusha kwenye geti la wazazi wangu, akaniwekea gunia langu chini kwa heshima.

Utasema ni Barasa aliyepanga. Nami nilifikiri hivyo, na nilikuwa nikilala na wazo hilo kila siku. Mtu anaweza kumkodi mwigizaji mrefu, akaichezea miwani. Kwa hivyo nilimwomba Kiptoo, fundi wa ndege aliyekuwa rafiki wa mume wangu, mtu anayezijua mashine hizi, aende Mabanga kama mtu wa kutoa pole na aikague. Akaenda. Aliporudi aliniambia hakuna kilichoguswa. Hakuna sura mpya iliyoingizwa. Wafula yumo, na sura ni ile yake, na mwanya wake. "Na wewe umo," akasema. "Picha yako imo, jina limo. Ilipaswa kukuona."

Kiptoo alikuwa na miwani yake ya kazini mfukoni, kama ile iliyozungushia ng'ombe mistari. Akasema ngoja tujaribu hii, haijawahi kufika Bungoma. Akaivaa, akanigeukia pale sebuleni kwa wazazi wangu. Alikaa akinielekea kwa muda. Kisha akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akaivua. Nilimwuliza ameona nini. Akasema ana haraka. Hajarudi, na tukikutana sokoni anavuka barabara.

Kaburi la Wafula sijaliona tena. Nasikia limesakafiwa. Nasikia pia kwamba yule mgeni hakurudi, na kwamba Mama anaketi veranda kila alasiri ameelekea kwenye miwa, na anayepita akisalimu haitikiwi mpaka miwani imtaje. Mwaka jana nilimwomba mwanamke mmoja wa kanisani kwao anipigie simu akiwa naye. Nikamwambia, "Mama, ni mimi, uko salama?" Nilimsikia akipumua. Alinijua, nina hakika, masikio ya yule mama nayafahamu. Kisha akamwambia yule mwanamke, "Simu yako haina mtu," akairudisha.

Wewe unayenisikiliza, kama kwenu kuna asiyeona, mnunulie miwani hiyo. Sikukatazi. Itamwonyesha mlango na chungu na shimo la barabarani, na ni nzuri kwa kazi hiyo. Lakini siku itakapomtaja mtu uliyemzika, mkamate mkono mwenye kuivaa umwingize ndani, ufunge mlango, na umwache huyo aliye uani aondoke bila kujibiwa. Usiivae wewe ili kuhakikisha. Na usije ukamwuliza kama anakujua. Atakujibu.